Iko Wadudu kwa Ua

Siku ya tatu ya matanga ya mama yangu, wageni walizidi mikeka. Waliokosa pa kukaa walisimama kando ya ukuta, karibu na haibiskasi niliyoipanda miaka mingi iliyopita kwa sababu nisiyoweza kuieleza vizuri. Wiki hizo kulikuwa na joto kali, maua yalikuwa yamepukutika, na viatu vya waombolezaji vikayaponda bila wao kujua. Jioni niliposhika ufagio, harufu ikanipanda puani. Haibiskasi hainukii kitu ukiinusa ikiwa mtini. Inatoa harufu ikipondwa tu, harufu ya kijani yenye utelezi, kama bamia iliyokatwa sasa hivi. Nikaweka ufagio chini, nikakaa kwenye kizingiti, na watu wakadhani ni kilio cha mama kimenirudia.

Kilikuwa kilio cha mama, lakini kilianzia mbali zaidi, Kyebando, Kampala, wakati wa serikali ya wanajeshi. Wa rika langu mtakumbuka jinsi vitu vilivyopotea madukani wakati ule, kimoja kimoja. Kwanza sukari, kisha sabuni, kisha chumvi, mpaka siku moja hata rangi ya viatu haikuwepo. Kwa watu wengine rangi ya viatu ni kitu cha kuishi bila kuwa nacho. Kwetu ilikuwa shida kubwa, maana baba yangu alikuwa sajini wa polisi, na kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na paredi.

Baba alitoka kaskazini, Mkatoliki. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, Mwislamu. Baba hakujua Kinubi, na Mama hakujua lugha ya kwao Baba, kwa hiyo nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, kile cha kambini, ambacho hakijali sana neno gani linafuatana na neno gani. Kiti iko, kitoto iko, mvua iko, Mungu iko. Tulielewana vizuri. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Tulikaa vyumba viwili. Chumba cha tatu, kilichopakana navyo kwa ukuta mwembamba, kilikuwa cha Salongo. Ndivyo Waganda wanavyomwita baba wa mapacha, na jina lake jingine sikuwahi kulijua. Alikuwa fundi wa bati. Zamani alikuwa akienda Katwe kila siku kugonga mapipa ya zamani kuwa masigiri ya kupikia kwa mkaa na mabeseni, lakini msimu ule alishinda nyumbani, akisema mabati yamekosekana. Vyumba vyetu vitatu vilizungukwa na ua mmoja, na ua wenyewe ulikuwa wa haibiskasi nyekundu tupu, ndefu kunipita.

Baba ndiye aliyenifundisha kuzitumia. Unachuma ua lililofunguka asubuhi hiyo hiyo, unang'oa ule ulimi wa katikati na kikombe cha kijani, unakunja mashavu yake mekundu kwenye vidole na kuyasugua kwenye ngozi ya kiatu. Linatoka povu jekundu, linageuka zambarau, kisha likikauka linakuwa jeusi linalong'aa. Unamalizia kwa kitambaa cha sufu. Maua manne kwa buti moja, manane kwa jozi. Chipukizi isiyofunguka haitoi rangi, na ua la jana limekwisha kazi. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Sikuwa na kazi nyingine duniani niliyoipenda kama ile.

"Afande," Mama alikuwa akimtania Baba, "viatu yako inameta kuliko sahani yangu. Nitapakua posho ndani ya buti."

Lazima niwaambie pia jinsi Mama alivyokuwa akisema. Sauti yake ilikuwa kubwa. Alikuwa akisimama mlangoni mwa jiko na kuniita, "Wee toto! Posho inapoa!" na wauza duka wa barabarani wakaitikia, "Mama, tumesikia sote, tunakuja kula!" Yeye akawajibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba waje na mboga. Akicheka, kuku walikimbia. Baba, ambaye alikuwa mkimya, aliwahi kusema kwamba polisi hawana haja ya king'ora wakimwajiri mke wake.

Kisha mvua ikakatika. Siku zikawa na jua jeupe tangu asubuhi, na haibiskasi zikaanza kunikosesha. Chipukizi zilikuwa zinatoka, zinanenepa, halafu zinakuwa njano shingoni na kuanguka kabla ya kufunguka. Nilikuwa nikizikuta chini asubuhi zimelala kama vidole vya mtoto. Chache zilizofunguka zilikuwa ndogo, kingo zimeungua, na saa sita zilikuwa zimeshajikunja. Nikamwuliza Baba kwa nini.

"Mti ikikosa maji, inatupa maua kwanza," alisema. "Majani inabaki. Inataka kuishi."

Halafu wakaja wadudu. Vidukari weusi walijazana kwenye shingo za chipukizi, mahali pale pale ua linapotaka kufungukia, wamebanana kama watu wa foleni ya sukari. Majani yakajikunja na kunata. Sisimizi wakawa wanapanda na kushuka mchana kutwa wakilamba utamu wao. Nilikuwa nikiwaua kwa vidole, na kesho yake walikuwa wengi zaidi. Wiki ile nilihesabu chipukizi zilizokuwa na dalili ya kufunguka Jumamosi. Hazikufika nane. Nilikosa usingizi kwa ajili hiyo, kwa sababu kulikuwa na mkubwa mpya kazini kwa Baba, na nilimsikia Baba akisema kwamba mkubwa huyo anatafuta makosa kwa watu wa kaskazini hata kwenye vifungo vya shati. Nilidhani basi kwamba usalama wa Baba umo mikononi mwangu, kwenye maua manane.

Alhamisi alasiri nilikuwa nimechuchumaa nje ya dirisha la jiko nikisugua vidukari. Baba alikuwa amerudi mapema. Mama alikuwa anachambua maharage, nikasikia sauti yake, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa imeshushwa kidogo.

"Iko wadudu kwa ua."

"Nimeona," Baba akasema.

"Anakaa tu pale mchana yote. Sukari anatoa wapi? Sabuni anatoa wapi?"

Hilo la sabuni sikulijali. Nilifurahi. Niliona kumbe na wao wameona shida yangu, kumbe Mama anawajua hata wadudu wanavyokaa mchana kutwa na kulamba sukari.

"Joto imezidi," Baba akasema. "Na kazini ni hiyo hiyo. Tutaondoka Jumapili. Tutavaa kama watu ya kanisa, tupite mbele ya kila mtu mpaka kwa basi. Twende Busia kwa dada yako. Huko tutapumua."

"Na mimi nivae ya kanisa?" Mama akacheka, akasahau kushusha sauti. "Mimi? Baba yangu akisikia huko Bombo ataanguka!"

"Pole pole," Baba akasema. "Ukuta hii ni karatasi."

Ndivyo nilivyosikia, na ndivyo nilivyoelewa: joto limezidi, ua lina wadudu, tunakwenda Busia kupumzika kwenye hewa nzuri, na Mama, jambo la ajabu kuliko yote, anakwenda kanisani. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Tukienda Jumapili, nani atamwagilia haibiskasi?

Nikaenda kwa Salongo.

Alikuwa amekaa mlangoni pake akinyoosha kipande cha bati kwa nyundo. Alinipenda, au nilifikiri ananipenda. Aliniita bibi wa maua.

"Kalibu, nyabo wa maua. Habali ya kazi?"

"Mbaya, Salongo. Maua inaanguka."

"Bambi, pole! Yote?"

"Karibu yote. Mama anasema iko wadudu kwa ua."

Nyundo yake ikakaa juu bila kushuka. "Mama yako alisema hivyo? Alimwambia nani?"

"Baba."

"Na Baba?"

"Alisema ameona. Alisema joto imezidi."

Salongo akaiweka nyundo chini polepole, akanitazama, kisha akacheka kwa pua. "Hao wadudu ni wakubwa ao wadogo?"

"Wadogo. Weusi. Wamekaa kwa mdomo ya ua, mahali inataka kufunguka."

"Ah," akasema. "Hao. Hao najua dawa yao."

Akaingia ndani, akatoka na kikopo alichokitengeneza mwenyewe, kimejaa majivu yaliyochekechwa, na juu yake kipande cha sabuni. Sabuni! Kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole gumba, lakini sikuwa nimeona sabuni ya kweli kwa muda mrefu. Akanionyesha jinsi ya kuichanganya na maji na kuosha shingo za chipukizi jioni, jua likishapungua, halafu kunyunyiza majivu kwenye shina ili sisimizi wasipande. Nilimshukuru kwa magoti, kama alivyonifundisha Mama. Na kwa kuwa alikuwa mwema hivyo, nikamwomba na lile jingine.

"Salongo, Jumapili utanimwagilia? Sisi hatutakuwa hapa."

"Mnaenda wapi?"

"Kanisani."

"Wewe na Baba."

"Hata Mama."

"Mama yako? Mwislamu yule?"

"Hata mimi nimeshangaa! Halafu tunaenda Busia, kupumua."

Nakumbuka kulikuwa na sisimizi mmoja akitembea juu ya bati, na Salongo akawa anamtazama yule sisimizi.

"Kale, haya," akasema mwishowe. "Nitamwagilia. Usiwe na wasiwasi."

Dawa ilifaa, lakini ilichelewa. Jumamosi asubuhi maua matano yalikuwa yamefunguka, madogo. Nikafanya buti la kulia kwa manne, likang'aa hata nikaiona pua yangu humo. Lile moja lililobaki likatosha ncha tu ya buti la kushoto. Nilimpelekea Baba huku nikilia. Akayavaa, akasimama katikati ya chumba kama yuko paredini, akasogeza mguu wa kulia mbele na kuuficha wa kushoto nyuma yake.

"Nitasimama hivi," akasema. "Watafikiri ni saluti mpya."

Mama akacheka, kuku wakakimbia. Ndiyo mara ya mwisho.

Baba alirudi kutoka paredini saa sita, salama. Niliona nimeokoka. Alikuwa bado hajaingia ndani, amesimama kwenye mwanya wa ua akinieleza kwamba hakuna aliyeuona mguu wake wa kushoto, wakati gari lilipokuja na kusimama nyuma yake. Wakashuka wanaume wawili waliovaa mashati ya kawaida. Hawakuwa na fujo. Mmoja alimsalimia. Wakasemezana maneno machache ambayo sikuyasikia, kisha yule aliyesalimia akatazama chini, akasema:

"Afande, toa viatu."

Ninyi wa rika langu mnajua maana ya maneno hayo wakati ule. Mtu aliyeambiwa avue viatu hakutarajiwa kuvihitaji tena. Mimi sikujua. Nilifikiri wameliona buti la kushoto. Nilifikiri wanamwadhibu kwa uchafu, kama mwalimu anavyomrudisha mtoto nyumbani akanawe, na nikakimbia mbele nikipiga kelele kwamba si kosa lake, ni langu, maua yalikuwa matano tu.

Baba alikuwa ameinama akifungua kamba. Akafungua la kulia, akafungua la kushoto, akayapanga pamoja chini ya haibiskasi, visigino sawa kwa sawa, kama alivyokuwa akiyapanga chini ya kitanda. Akanishika kichwa.

"Kiatu iko sawa," akasema. "Ilikuwa sawa kabisa. Ingia kwa Mama."

Akaenda kwenye gari na soksi. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu kisiginoni. Mama alikuwa amefika mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, mdomo wazi. Mtu yeyote wa Kyebando angetarajia ukelele wake usikike mpaka Bukoto. Haukutoka. Alijiziba mdomo kwa kiganja, na kiganja hakikuondoka pale mpaka gari lilipokwisha kupinda kona. Nyuma yetu, mlango wa Salongo ulikuwa umefungwa.

Alasiri ile yote Mama alikwenda huku na huku kuuliza, kituoni kwa Baba na kwa wenzake waliosalia. Jioni alirudi, akakaa sakafuni karibu nami, akanisemesha sikioni, pumzi tupu.

"Ni mimi," akanong'ona. "Nilisema kwa nguvu. Nilicheka. Alisikia kwa ukuta."

Sikuelewa nani alisikia nini. Nilikuwa na buti mapajani, nikilisugua la kushoto na petali zilizokauka. Hazikutoa rangi yoyote.

Jumapili tuliondoka wawili, tumevaa kama watu wa kanisa. Mama alisema mabuti yabaki, maana vizuizi vilikuwa vingi barabarani na mwanamke hawezi kueleza mabuti ya polisi. Niliyasukuma katikati ya mashina ya haibiskasi, mahali nilipoweka majivu. Na Salongo alikuwepo, asubuhi ile mapema, na kopo la maji mkononi, anamwagilia ua kama alivyoahidi. Mama alipita bila kumtazama. Mimi nilimtazama. Alisema, "Mungu awatangulie, nyabo," na akaendelea kumwaga maji.

Hapa lazima niseme kweli: sijui. Mpaka leo sijui kama mtu yule alikuwa vile Mama alivyomdhania. Kama ndiye aliyewaita, kwa nini alituacha sisi tupite? Huenda alikuwa fundi wa bati tu, mwenye shemeji anayempa sukari. Huenda mkubwa mpya alikwisha kuandika jina la Baba kabla sijafungua mdomo wangu. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana. Lakini nyundo ile ilikaa juu, na mimi niliiona.

Tulivuka mpaka pale Busia, tukaingia Kenya, tukaishia Kisumu. Mama akawa anauza dagaa wa omena sokoni kwa minong'ono. Wateja walikuwa wakimwambia, "Mama, sema kwa sauti, hatusikii bei!" na yeye akaonyesha kwa vidole. Mwanzoni nilidhani ni huzuni na itapita. Haikupita. Alinong'ona akipika, akiswali, akigombana nami. Baba hatukusikia habari yake tena, wala kaburi.

Nilisoma mpaka darasa la saba tu. Lakini katika darasa la sita alikuja mwalimu kutoka pwani, mwanamke mkali wa lugha, na siku moja aliandika ubaoni neno moja mara mbili. Ua. Akasema, haya ni maneno mawili. Ua hili limechanua, wingi maua. Ua huu umezungushwa, wingi nyua. "Mkizingatia yanayofuata," akasema, "hamwezi kukosea." Darasa likarudia kwa pamoja: ua hili, ua huu. Mimi sikurudia. Kwetu hakukuwa na yanayofuata. Kwetu Mama alisema iko wadudu kwa ua, na mimi nikashika ua la mkononi mwangu, wakati yeye alikuwa akisema juu ya ua tuliokuwa tunaishi ndani yake, na mtu aliyekaa humo mchana kutwa. Nikakumbuka kila neno nililompelekea mtu yule mlangoni pake, la wadudu, la kanisa, la Busia. Nikaomba ruhusa ya kutoka, nikatapika nyuma ya vyoo.

Siku hiyo nilikwenda sokoni moja kwa moja nimwambie Mama kwamba sauti yake haikupita ukutani, kwamba mlango ulikuwa mdomo wangu. Nilimkuta anamnong'oneza mteja. Alinitazama, akauliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nikasema vumbi.

Nimekaa na vumbi hilo miaka yote. Nilimwacha anong'one. Ningeweza kumrudishia sauti yake kwa sentensi moja, na sikuirudisha, kwa sababu basi angejua ni nani. Hata hospitalini mwezi uliopita, muuguzi akimwinamia na kusema, "Sema kwa nguvu kidogo, bibi," nilikuwa nimekaa pale kitandani. Nilifungua mdomo. Nikamwuliza kama anataka chai.

Jioni ile ya matanga, mwanamke mmoja wa msikitini alinikuta kwenye kizingiti, akakaa kando yangu na kunishika mkono. Alitaka kunifariji. "Mama yako alikuwa mpole," akasema. "Miaka yote hii, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti."

Nikasema ndiyo, ndivyo alivyokuwa. Kisha nikainuka, nikafagia yale maua. Sauti ya mama yangu ilikuwa inafika barabarani. Waliowahi kuisikia wamekwisha wote, nimebaki mimi.